Mwenda Kinyumenyume

Usiku mmoja wa Mei 1976, katika jumba la Forum mjini Montreal, fainali ya Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa hoki ya barafuni, ilisimama kwa muda ili mafundi waingie uwanjani na nyundo zao. Ukuta wa mbao unaouzunguka uwanja wa barafu ulikuwa umebonyea, na aliyeubonyeza hakutumia silaha yoyote isipokuwa mwili aliojaliwa na Mola wake: alikuwa beki wa timu ya nyumbani, Larry Robinson, kijana wa miaka 24 mwenye kimo cha kiasi cha mita 1.93, aliyemkuta Gary Dornhoefer wa Philadelphia pembezoni mwa uwanja akampiga kikumbo ambacho, ingawa kilikuwa halali kwa sheria zote za mchezo, kilimbana mtu yule na mbao kwa kishindo ambacho wapenzi wa hoki waliendelea kukisimulia miaka mingi baadaye. Mafundi wakagonga, ukuta ukanyooka, mchezo ukaendelea. Philadelphia, timu iliyokuwa imelitwaa kombe hilo miaka miwili mfululizo na kuogopwa kila ilikokwenda kwa ubabe wake, ikafungwa michezo minne kwa sifuri, na jina la Robinson likaambatana na nyundo zile mpaka leo.

Nakiri kwamba kisa hicho ndicho kilichonivuta kwanza kuzifuata habari za mtu huyu. Lakini kadiri nilivyozidi kuzisoma ndivyo kikumbo kile kilivyozidi kupungua ukubwa machoni pangu, na mambo mengine ya kimya, yaliyotangulia kikumbo na yaliyokuja miaka thelathini baada yake, yakapanda yakashika mahali pake.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuuona, mchezo wa hoki ya barafuni ni ndugu wa mpira wa magongo tunaoufahamu, ila umehamishiwa juu ya barafu. Kila upande una watu sita uwanjani, mmoja wao akiwa mlinda mlango, wawili mabeki, na watatu washambuliaji. Wote huvaa viatu vyenye ukingo wa chuma ulionolewa mfano wa kisu. Na badala ya mpira hugombania kisahani cheusi cha raba ngumu, chenye upana wa sentimita 7.6 na uzito wa kiasi cha gramu 170, ambacho hugandishwa kabla ya mchezo ili kisidunde. Vipindi ni vitatu, vya dakika ishirini ishirini, na kasi yake ni kubwa hata mchezaji hawezi kudumu uwanjani zaidi ya dakika moja hivi bila kutoka kuvuta pumzi, huku mwenzake akirukia mahali pake. Kwetu Afrika Mashariki mchezo huu ulipata makao katika hoteli ya Panari, kando ya Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, kwenye kiwanja kidogo cha barafu kilichofunguliwa mwaka 2005, ambako vijana wa Kenya waliunda timu yao ya Ice Lions. Na yeyote aliyepata kusimama kando ya kiwanja cha namna ile anaijua sauti ya chuma kikikwaruza barafu, sauti ya kisu kwenye kinoo, ambayo humwingia mtu mifupani kabla hajaelewa lolote la mchezo wenyewe.

Sasa beki wa mchezo huu ana wadhifa wa ajabu, maana sehemu kubwa ya kazi yake huifanya akienda kinyumenyume. Mshambuliaji anamjia usoni kwa nguvu zote za miguu yake, kisahani kikicheza mbele ya gongo, naye beki, pasipo kugeuka, anarudi nyuma kwa kasi ileile, uso kwa uso na adui yake, akiupima umbali uliopo kati yao, ambao ukiwa mkubwa mno mshambuliaji atapata wasaa wa kupiga, na ukiwa mdogo mno beki atapitwa kama nguzo iliyochimbiwa; macho yake hayakifuati kisahani, kwa kuwa kisahani ni mwongo, bali yamekaa juu ya kifua cha mtu, kwa kuwa kifua hakiwezi kwenda kushoto na mwenyewe akaenda kulia; na huku akirudi hivyo anamwongoza adui yake taratibu, bila hata kumgusa, mpaka pembezoni, karibu na ukuta, mahali ambapo bao ni la taabu kupatikana. Kikumbo, kikija, huja mwisho. Aghalabu hakiji kabisa. Aghalabu mshambuliaji hujikuta amefika kwenye kona asijue kafikaje, kisahani kimemponyoka, na watazamaji hawakuona kitu, kwa sababu hapakutokea kitu, na kutotokea huko ndiko beki alikokufanyia kazi tangu katikati ya uwanja.

Hapo ndipo ulipo uzito wa kumsifu mtu wa namna hii. Mshambuliaji huacha alama: taa nyekundu imewaka nyuma ya goli, jina limetangazwa, watu wamesimama vitini. Beki aliyefanya kazi yake sawasawa huacha mahali patupu. Watu wa hoki waliihisi dhuluma hiyo, ndipo wakabuni hisabu moja nyepesi, ambayo ligi yao kuu ya Amerika ya Kaskazini, NHL, imeiweka rasmi tangu msimu wa 1967-68: timu yako ikifunga bao nawe umo uwanjani, wahesabiwa moja, ikifungwa nawe umo, wapunguziwa moja. Ni mizani yenye kasoro, maana humtwika mtu sifa na lawama za wenzake. Walakini imejitahidi kwa insafu kukipima kisichoonekana, na kwa hilo mimi naipenda. Kwa mizani hiyo Robinson alipata ziada ya 120 katika msimu wa 1976-77, na katika historia yote ya ligi ni Bobby Orr peke yake aliyempita kwa msimu mmoja, kwa 124 zake za mwaka 1970-71. Hisabu ya maisha yake yote ya uchezaji ilivuka 700, daraja ambalo hajalifikia mchezaji mwingine yeyote. Kwa lugha ya dukani, huyu alikuwa mtu ambaye kila aliposimama nyuma ya kaunta duka lilipata faida, hata siku ambazo hakuuza kitu kwa mkono wake.

Alizaliwa tarehe 2 Juni 1951 huko Winchester, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, akalelewa katika shamba la ng'ombe wa maziwa huko Marvelville, si mbali na mji mkuu wa Ottawa. Mtoto wa shamba la maziwa hahitaji kuhubiriwa subira, maana ng'ombe hukamuliwa alfajiri na jioni, siku ya sikukuu na siku ya msiba, na hakuna ampigiaye makofi mkamuaji. Alipoanza kucheza alikuwa mshambuliaji kama watoto wengi watakavyo kuwa. Ni katika timu ya vijana ya Brockville ndipo aliporudishwa nyuma akafanywa beki. Mwaka 1971, timu za ligi kuu zilipokutana kuchagua vijana wapya, Montreal Canadiens waliliita kwanza jina la Guy Lafleur, nyota ya kizazi chake, kisha wakawaita wengine wawili, na Robinson akaja kuitwa wa 20 katika orodha nzima, chaguo la nne la timu hiyohiyo. Wala hakufikia Montreal. Alipelekwa Halifax, kwenye timu ya akiba ya Nova Scotia Voyageurs, akakaa huko msimu mmoja na nusu akijifunza kurudi nyuma, mpaka Januari 1973 alipoitwa kujaza pengo. Na kabla mwaka ule haujafika katikati mikono yake ilikuwa imekwisha kulishika Kombe la Stanley.

Shamba lile la Marvelville lilitoa beki mwingine. Mdogo wake, Moe, naye alichukuliwa na Montreal, naye alivaa jezi ya Montreal katika ligi kuu, katika msimu wa 1979-80. Alicheza mchezo mmoja. Kaka yake alicheza 1,384. Baba mmoja, mama mmoja, zizi moja, barafu ya majira yaleyale ya baridi. Na kila ninaposoma wasifu wa mashujaa wa michezo, ambao karibu wote huapa kwamba jitihada hulipa pasipo shaka, mchezo ule mmoja wa Moe Robinson hunijia moyoni, nikajizuia kumpa mtu yeyote sifa zote za kile alichokipata.

Miaka ya Montreal nitaipita upesi, kwa kuwa imesimuliwa sana na wenye haki ya kuisimulia. Chini ya kocha Scotty Bowman, Robinson aliungana na Serge Savard na Guy Lapointe, mabeki waliokuja kuitwa Wakubwa Watatu, na timu yao ikalichukua kombe miaka minne mfululizo, 1976 mpaka 1979. Katika msimu wa 1976-77 walicheza michezo 80 wakashindwa minane tu. Alipewa Tuzo ya Norris, ya beki bora wa ligi, mwaka 1977 na tena 1980, na baina ya hizo, mwaka 1978, Tuzo ya Conn Smythe, ya mchezaji bora wa mashindano ya kuwania kombe. Mwaka 1986, akiwa anakaribia kutimiza miaka 35, alilitwaa la sita pamoja na vijana ambao baadhi yao walikuwa watoto wadogo alipolitwaa la kwanza. Msimu wa kiangazi wa 1987 alivunjika mguu akicheza polo, mchezo wa magongo juu ya farasi alioupenda mno, akapona akarudi barafuni. Alimalizia Los Angeles, miaka mitatu, na alipovua viatu vyake mwaka 1992 alikuwa amecheza misimu 20, na hakuna hata mmoja kati ya hiyo ambao timu yake haikuingia katika mashindano ya kombe.

Katika Kiswahili cha viwanjani, hasa upande wa Tanzania, kocha huitwa mwalimu. Wachezaji humwita hivyo, waandishi humwita hivyo, na hata shabiki anayemtukana kwa kufungwa humtukana kwa jina hilo la heshima. Nadhani lugha yetu imeona hapa jambo ambalo lugha nyingine zimelificha, nalo ni kwamba ndani ya kazi ya ukocha mna kazi mbili zilizofungwa kamba moja: kuna kutawala, yaani kuamua nani acheze na nani akae, kusema na waandishi, kubeba lawama, kulala na matokeo ya jana na kuamka na hofu ya kesho, na kuna kufundisha, yaani kumshika kijana bega, kumwonyesha mahali mguu wake ulipokosea, na kumngoja. Mtu anaweza kujaliwa zote mbili. Anaweza pia kujaliwa moja kwa wingi na nyingine kwa kipimo cha wastani, na hatima yake itategemea kama yeye mwenyewe, au wale wanaomwajiri, wataitambua tofauti hiyo.

Robinson aliingia kazini kwa mlango wa kufundisha. Mwaka 1993 Jacques Lemaire, aliyecheza naye Montreal, alikabidhiwa New Jersey Devils, akamchukua rafiki yake kuwa msaidizi na kumwachia mabeki. Walikuwamo pale Scott Stevens, aliyekwisha kuwa mtu mzima mwenye jina na ghadhabu, na Scott Niedermayer, kijana mwenye miguu ya paa. Msimu huohuo wa kwanza Stevens aliongoza ligi nzima katika ile hisabu ya ziada, kwa 53. Sisemi kwamba Robinson alimuumba Stevens, kwa maana Stevens alikuwa mkubwa kabla hawajakutana. Nasema kwamba nguvu kubwa ilipata karibu yake mtu ambaye naye alikuwa na nguvu kubwa na alikuwa amekwisha kujifunza lini asiitumie. Mwaka 1995 New Jersey walifika fainali wakawakuta Detroit, na kocha wa Detroit alikuwa Scotty Bowman yuleyule. Lemaire na Robinson walimfunga mwalimu wao michezo minne kwa sifuri, kama yeye alivyokuwa amewafundisha kuwafunga wengine. Sidhani kama mwalimu aweza kupata shukrani iliyo kamili kuliko hiyo, ingawa usiku wenyewe huwa chungu.

Baada ya ushindi ule kiti kikamjia. Los Angeles Kings walimfanya kocha mkuu mwaka 1995, akakikalia misimu minne, na katika minne hiyo timu iliingia mashindano ya kombe mara moja tu, 1998, ikatolewa na St. Louis kwa michezo minne mfululizo. Akaondolewa mwaka 1999. Waungwana wengi wakishavuliwa kilemba hukataa kurudi kuvaa kofia. Yeye alirudi New Jersey, akaishika tena kazi yake ya zamani ya kuwa msaidizi wa mwingine, akapewa mabeki wake, akaendelea nao pale alipoachia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyu mwenye kimo kile aliinama bila kuonekana kuona tabu.

Tarehe 23 Machi 2000, ikiwa imebaki michezo minane tu kumaliza msimu, mkuu wa New Jersey, Lou Lamoriello, alimwondoa kocha Robbie Ftorek na kumkabidhi Robinson timu. Ilikuwa timu nzuri iliyokuwa imeanza kupoteza njia. Ilivuka hatua mbili za kombe, kisha mwezi wa Mei ikakutana na Philadelphia, wale wale wa kikumbo cha 1976, ikajikuta nyuma kwa michezo mitatu kwa mmoja, na mshindi alikuwa yule atakayefikisha minne. Baada ya kushindwa huko kwa mara ya tatu, Robinson aliingia katika chumba cha kubadilishia nguo, akapaza sauti, akalipiga teke pipa la taka.

Kwa kocha wa kila siku mwenye kupayuka pipa lile lingekuwa pipa tu. Lakini wachezaji wale hawakuwa wamezoea kumwona hivyo. Kwa miaka waliyokaa naye alikuwa mtu wa sauti ya chini, mwenye kuinamia kosa la mtu na kulitengeneza. Na kwa wiki zile nane za uongozi alikuwa amerudi nyuma mbele ya kila tatizo, uso kwa uso, akilipima, akilisukuma pembezoni. Mimi naliona teke lile kuwa ni kikumbo chake cha pili chenye kumbukumbu, na thamani yake ilitoka katika vikumbo vyote ambavyo hakuvipiga. Hasira ya mpole ni akiba. Atumiaye kila siku hana akiba. New Jersey walishinda mchezo wa tano, wakashinda wa sita, na wa saba wakaushinda kwa mabao mawili kwa moja, wakaenda fainali kuwakabili Dallas Stars, waliokuwa mabingwa.

Fainali ile iliisha tarehe 10 Juni, mjini Dallas, katika mchezo wa sita. Mapema usiku ule, katika kipindi cha kwanza, mshambuliaji wa New Jersey, Petr Sykora, alipigwa kikumbo na Derian Hatcher, akaanguka, akatolewa kwa machela akapelekwa hospitali. Wenzake waliendelea bila yeye, vipindi vitatu, kisha kipindi cha nyongeza, kisha cha pili cha nyongeza, mpaka Jason Arnott akafunga bao lao la pili, la mwisho la usiku ule. Watu wakamiminika barafuni. Na katikati ya fujo ile ya furaha, Larry Robinson, kocha mkuu, mtu wa miaka 49, ambaye kwa desturi ya kazi yake husimama nyuma ya benchi kwa suti na tai, alionekana amevaa jezi ya mchezaji. Mgongoni palikuwa na nambari 17 na jina la Sykora.

Nimeitazama picha hiyo mara nyingi. Yeye mwenyewe nambari yake ilikuwa 19, ambayo Montreal waliipandisha juu ya dari la uwanja wao mwaka 2007 isivaliwe tena na mtu. Hakukosa jezi ya kujivunia. Usiku ule, ambao ulikuwa wake kuliko usiku wowote wa maisha yake ya ukocha, aliivaa ya kijana aliyelala hospitali, ili kijana yule asikosekane barafuni. Sijui kama aliwaza hivyo kwa maneno. Mabeki hawawazi kwa maneno. Jicho la mtu aliyetumia miaka ishirini akitafuta mahali palipoachwa wazi liliona mahali palipoachwa wazi, na mwili ukaenda kupajaza.

Mwaka uliofuata alifika fainali tena, akiongoza michezo mitatu kwa miwili dhidi ya Colorado, akashindwa wa sita na wa saba; na upande wa pili Ray Bourque, beki kama yeye, alilishika kombe kwa mara ya kwanza baada ya misimu 22. Januari 2002 Robinson aliondolewa. Hakususa. Alibaki katika timu ileile akifanya kazi alizopewa, na ilipotwaa kombe mwaka 2003 alikuwamo miongoni mwa watumishi wake. Kisha, katika Julai 2005, kocha Pat Burns akiwa anapigana na maradhi ya saratani na hawezi kurejea, Robinson akaombwa akalie kiti mara nyingine, naye akakubali. Tarehe 19 Desemba mwaka huo, msimu ukiwa haujafika hata nusu, alikiacha. Alieleza kwamba mashaka ya kazi yanamuumiza, kwamba kichwa kinamwuma, na kwamba hawezi kuendelea.

Hapa nataka kutua kidogo, kwa sababu naamini kitendo hiki hakijapata heshima inayostahiki. Mtu aliyeshindwa kazi akaikimbia ni jambo la kila siku. Lakini huyu alikuwa amekwisha kuishinda kazi ile: kombe la 2000 lilikuwa lake, akiwa kocha mkuu, na hakuna awezaye kusema kwamba kiti kilimzidi kimo. Alijua kwamba anakiweza, akajua pia kwamba kinamla; na mbele ya ulimwengu wa wanaume ambao huhesabu maumivu kuwa ni sehemu ya mshahara, wanaocheza wakiwa na meno yaliyong'oka na mbavu zilizopasuka, alisimama akasema kwamba anaumia. Kwenda kinyumenyume si kukimbia. Beki anayerudi nyuma hageuzi mgongo. Anaendelea kulitazama lile linalomjia.

Nilipata kumfahamu mwalimu mkuu mmoja, sitamtaja jina wala shule yake, aliyeandika barua kuomba arudishwe darasani. Alikuwa ameiongoza shule ile miaka sita, na matokeo yake yalikuwa mema. Mji mzima ukasema ameshushwa. Wengine wakasema kuna fedha zilizopotea. Mkewe akawa anaulizwa sokoni. Mimi nilimkuta jioni moja barazani kwake amezungukwa na madaftari ya watoto wa darasa la tano, kalamu nyekundu mkononi, akinisomea kwa furaha sentensi ya mtoto aliyekuwa ameikosea kwa namna ya ajabu, akijaribu kuelewa kosa lile lilizaliwa wapi. Aliniambia kwamba kwa miaka sita hakuwa amesoma daftari hata moja. Fedha hazikupotea, na hakushushwa na mtu. Lakini sisi tumekizoea kiti hata hatuwezi kuamini kwamba mtu mwenye akili zake aweza kukishuka kwa miguu yake mwenyewe. Tumejifunza kuuliza ni nani aliyemsukuma.

Mabaharia wa zamani wa pwani yetu walilijua jambo hili vizuri zaidi. Ndani ya jahazi nahodha ndiye mwenye jina, na chombo kikifika salama husemwa kwamba nahodha fulani amefika. Lakini serahangi ndiye aliyejua kila kamba, ndiye aliyewafundisha vijana kupandisha tanga usiku kwa kupapasa, na hakuna nahodha mwenye busara aliyemwona serahangi wake kuwa ni nahodha aliyeshindwa. Hicho kilikuwa cheo kamili, chenye elimu yake na taadhima yake, na mtu aliweza kuzeeka ndani yake akafa ameridhika. Katika maofisi yetu ya leo, katika shule, katika hospitali, hata katika vilabu vya mpira, tumeifuta hadhi hiyo. Msaidizi kwetu ni mtu anayengoja. Tunapomwona wa pili tunamuuliza atakuwa wa kwanza lini, na akijibu kwamba hana nia hiyo tunamhurumia.

Robinson hakuhitaji huruma hiyo. Alirudi kwa mabeki. Alikaa New Jersey miaka kadhaa zaidi, akahamia San Jose mwaka 2012 kumsaidia kocha mwingine, kisha mwaka 2017 akaenda St. Louis kuwa mshauri. St. Louis Blues ilikuwa timu iliyoingia ligi mwaka 1967 na haikuwa imepata kulitwaa kombe hata mara moja. Mwanzoni mwa Januari 2019 ilikuwa ya mwisho katika timu zote 31 za ligi. Tarehe 12 Juni mwaka huohuo, katika mchezo wa saba wa fainali uliochezwa Boston, ilishinda kwa mabao manne kwa moja, na nahodha wa kwanza kuliinua kombe lile kwa ajili ya mji wa St. Louis, Alex Pietrangelo, alikuwa beki.

Robinson alikuwa ametimiza miaka 68 siku kumi kabla. Miaka 46 ilikuwa imepita tangu alishike kombe lake la kwanza, na hili lilikuwa la kumi: sita aliyatwaa akiwa mchezaji, moja akiwa kocha mkuu, na matatu akiwa chini ya mtu mwingine.